Plagini ya saa ya Kiswahili, kwanza kwenye laptopu

Mwenye nyumba moja ya wageni hapa Mji wa Kale, Mombasa, alinijia na malalamiko. Tovuti yake inasema boti inaondoka saa tatu asubuhi, mgeni kutoka Ulaya anatokea alasiri, boti imesharudi. Akataka saa itakayosomeka kwetu na kwao. Tovuti yake inaendeshwa na WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kwa hiyo nikaamua kumwandikia plagini, yaani programu ndogo ya kuiongezea kazi.

Tovuti yake sikuigusa. Semikoloni moja ikikosekana kwenye faili la PHP, lugha inayotumiwa na WordPress na plagini zake, tovuti nzima yaweza kuzima, na ule ukurasa wa kuingilia uende nayo. Bora nizime ya kwangu.

Kwenye Windows natumia XAMPP, kifurushi kinachoifanya laptopu iwe seva ya majaribio. Wenzangu wananisukuma nihamie Docker, njia nyingine ya kazi hiyo hiyo. Laptopu yangu ikisikia jina hilo feni inaanza kulia. Nikawasha Apache (seva ya tovuti) na MySQL (ya databesi), nikafungua databesi tupu kwenye phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia databesi, nikafungua zipu ya WordPress ndani ya htdocs, folda ambamo XAMPP husoma tovuti. Jina la kuingilia databesi ni root, nywila hamna. Ni sawa kwa kuwa mashine ni yangu peke yangu; kwenye seva ya watu usithubutu. Baada ya hapo hata bando likiisha kazi inaendelea, maana localhost, anwani ya kompyuta yenyewe, haitoki nje ya kompyuta.

Plagini yenyewe ni folda tu ndani ya wp-content/plugins, yenye faili la PHP ambalo juu yake kuna maelezo yenye mstari huu:

Plugin Name: Saa ya Kiswahili

Mstari huo ukikosekana, WordPress haiioni. Kabla ya kuandika lolote zaidi, fungua wp-config.php uweke WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG kuwa true. Makosa yatajiandika kwenye debug.log, ndani ya wp-content.

Hesabu ni nyepesi: chukua saa ya Kizungu, ongeza 6, gawanya kwa 12, shika kinachobaki, kikibaki sifuri, ni saa kumi na mbili. Nikajaribu saa tatu asubuhi. Ikaniandikia saa kumi na mbili! Nikakagua hesabu mpaka chai ikapoa, na hesabu haikuwa na kosa. Nilitumia date(), amri ya PHP ya kusoma saa, na WordPress huiweka PHP kwenye UTC, saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Dawa ni wp_date(), amri ya WordPress yenyewe iliyokuja na toleo lake la 5.3 mwaka 2019. Nayo hufuata mipangilio ya tovuti, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya jumla uchague Nairobi. Mombasa haimo kwenye orodha, tuvumilie. Ukiiacha tovuti kwenye UTC, utabaki na kosa lile lile.

Kosa jingine lilinisubiri kwenye seva. Faili nililiita Saa.php, kwenye msimbo nikaliita saa.php. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali. Kwangu ilifanya kazi wiki nzima. Kwenye seva ya majaribio ikagoma papo hapo. Siku hizi majina yangu yote ya faili ni herufi ndogo.

Kwa mteja nilipeleka zipu ya folda ya plagini peke yake. Databesi ya laptopu ilibaki kwenye laptopu, na kurasa zangu za majaribio zilizojaa "aaa" na "jaribu tena".