Jiwe Liweke Chini, Si Juu ya Bati

Juzi tena, Buhongwa. Mama mwenye nyumba kanionyesha mabaki ya ujenzi wake: mabati manne ya geji 30, vipande vya mbao za mbili kwa nne, mirunda sita, mfuko wa saruji ulioliwa nusu. Anataka stoo ya mkaa na majembe, mita mbili kwa tatu. Vifaa vinatosha. Kisha akasema lile ninalolisikia kila vuli inapokaribia: "Fundi, juu usijisumbue, tutaweka mawe. Kwani Mwanza mawe yamekwisha?"

Hayajaisha, mama. Ila si ya kuweka juu ya bati.

Watu wanadhani upepo hulisukuma banda ubavuni tu, kwa hiyo banda dogo liko salama. Sivyo. Upepo ukipita juu ya paa hulinyonya kwenda juu, na ule ulioingia mlangoni hulisukuma kutoka ndani. Upepo wa kilomita 70 kwa saa una mgandamizo wa kilo 23 hivi kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 30 halifiki kilo 3 kwa eneo hilohilo. Paa la mita 6 za mraba linaweza kuvutwa kwa zaidi ya kilo 100, na mvuto mkali zaidi uko kwenye kingo, ndiyo maana bati huanza kupigapiga pembeni. Jiwe la kilo 10 pale katikati linazuia nini? Bati likitikisika jiwe linatembea, linakwangua zinki, unyevu unakaa chini yake, kutu inaanza. Na siku paa likiruka, jiwe nalo linaruka. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikubali kuweka mawe, kule Igoma. Moja likaangukia pale watoto wanapochezea. Ilikuwa alfajiri, walikuwa bado wamelala. Tangu hapo sikubali, hata mteja akinuna.

Mrunda ushuke sentimita 60, uzungukwe na mawe na zege. Ukikuta mwamba, jenga kisanduku cha mawe na saruji kuzunguka shina lake. Halafu waya wa kufungia, nyuzi nne zilizosokotwa, uzunguke mrunda, upite juu ya kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, urudi chini na kukazwa. Msumari ukivutwa wima hung'oka, hasa kwenye mbao za mabaki zenye matundu ya zamani. Waya hauna pa kuchomokea.

Msumari wa bati upigwe mgongoni, pale bati lilipoinuka, kamwe si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Hili naona aibu kulirudia, lakini nimeshapanda mapaa ya mafundi wenzangu nikalikuta. Bati lililotumika ligeuze ili matundu ya zamani yafichwe na bati la juu yake. Yanayobaki, ziba kwa lami na kipande cha tyubu.

Mchwa? Napaka oili chafu kwenye mirunda kama kila mtu, ila siwezi kuapa kwamba inafaa. Nimeng'oa iliyopakwa ikiwa imeliwa hadi kiini, nikakuta isiyopakwa ikiwa nzima hatua mbili kutoka pale. Udongo wa kichuguu kama dawa ya mchwa siuamini kabisa.

Stoo ya mama imesimama. Mawe aliyokuwa ameyarundika kwa ajili ya paa, toroli mbili, yaliingia yote kwenye mashimo sita.