Siku tatu kwa hatua moja, au dakika tatu kwa mchezo mzima?

Wengi ninaowafundisha sataranji hucheza blitzi, michezo ya dakika chache tu, hadi usiku wa manane, kisha wanashangaa mbona hawapandi. Dakika tatu zinakutosha kutoa ulichonacho tayari kichwani. Cha kuongeza utakipata saa ngapi?

Mwangalie Paul Keres, gwiji wa sataranji. Akiwa kijana huko Pärnu, Estonia, wapinzani wa kumtosha hawakuwepo, basi miaka ya 1930 akacheza kwa posta, yaani hatua zikitumwa kwa barua, michezo mingi kwa mpigo, akijaribu funguzi (hatua za mwanzo wa mchezo) za hatari. Mwaka 1938 alifungana na Reuben Fine kileleni mwa shindano la AVRO, lililokuwa na magwiji Alekhine, Capablanca na Botvinnik.

Mchezo ninaopenda kuuonyesha ni wa posta, kati ya Yakov Estrin na Hans Berliner, ulioanza 1965. Berliner ana nyeusi. Farasi wake aliye kwenye mraba wa d4 na askofu wake wa g4 wote wanaweza kuliwa na askari. Haokoi hata mmoja: hatua ya 10 anasukuma askari wake hadi e4. Farasi akaliwa, lakini Berliner akashinda, na ubingwa wa dunia wa posta akauchukua bila kupoteza mchezo. Hatua kama hiyo huioni saa ikikukimbiza. Inataka ukae nayo siku kadhaa.

Ila mechi ya polepole, ya siku kadhaa kwa hatua, ina mtego wake mtandaoni, nao ni ubao wa uchambuzi, ule wa kujaribia hatua kabla ya kutuma. Mtu anasogeza kete huku na huku mpaka aone kinachopendeza, halafu anatuma. Hapo macho yamefanya kazi, kichwa kimelala. Mimi nataka kwanza uandike kwenye daftari hatua mbili tatu unazozifikiria, na jibu kali kabisa la mpinzani kwa kila moja. Baada ya hapo gusa ubao. Ukikuta jibu ambalo hukuliandika, umeshajua udhaifu wako uko wapi.

Injini, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hatua, usiiguse mpaka mchezo uishe. Tovuti ya sataranji ya Lichess wanaikataza, ingawa vitabu vya ufunguzi wanaviruhusu. ICCF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa posta, wanaruhusu injini, na huko juu karibu kila mchezo ni sare. Anayejifunza hana la kufuata kule.

Kubanwa na saa, mikono kutetemeka, kete uliyoigusa lazima uisogeze: hayo posta haikupi. Mwenye shindano mwezi ujao namtoa kwenye polepole, namweka kwenye dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, ubaoni, na mtu mbele yake.