Kofia ya taa kwa ajili ya kumbukumbu: kabla hujamnunulia mama, soma hapa kwanza

Wiki iliyopita nimepata meseji WhatsApp, jamaa yuko Mwanza, anasema mama yake ana miaka 71, mzima kabisa, anapika, kanisani anaenda, hesabu za kikoba anazijua kuliko wajukuu, ila siku hizi anaingia chumbani anasimama pale, kasahau kafuata nini. Sasa jamaa kaona mtandaoni kofia ina vitaa vingi kwa ndani, unavaa dakika kadhaa kwa siku eti ubongo unarudi ujanani, bei yake unapata bodaboda mpya na chenji inabaki. Akaniuliza, "Kaka, wewe si ndo mtu wa mashine za hospitali, hii kitu ni kweli au tunapigwa?"

Nikaanza kumjibu kwa voisi, ikafika dakika sita nikaifuta, nikaona bora niandike.

Anza na oksimita, kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu, tulichokizoea sana kipindi cha korona. Ndani yake kuna taa mbili, moja nyekundu ya nanomita kama 660 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndo kinachotenganisha rangi) na nyingine huioni, ya 940 hivi. Hiyo usiyoiona ndo infraredi ya karibu, na rimoti ya TV inatumia hiyo hiyo. Jaribu hata sasa hivi: elekeza rimoti kwenye kamera ya simu, ya selfi mara nyingi ndo inaonyesha, bonyeza, utaona kitaa kinawaka kizambarau wakati jicho lako halioni kitu. Mwanga huu unapenya mwilini kuliko rangi nyingine kwa sababu ukiwa chini ya 650 damu inaumeza, ukipita 950 maji nayo yanaanza kuumeza (pale 1064 kuna nafuu kidogo), sasa hapo katikati pamebaki kadirisha. Mwaka 1977 mtafiti Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha unaweza kupitisha mwanga huo kwenye kichwa bila kupasua chochote ukasoma hali ya oksijeni ndani ya ubongo. Kwa hiyo kwamba mwanga unafika kwenye ubongo, hilo halina ubishi.

Ila kupima na kutibu ni vitu viwili, na watu wa kuuza wanaviunganisha makusudi.

Habari ya kutibu ilianza kwa bahati, Hungaria, miaka ya 1960. Daktari Endre Mester alikuwa anajaribu leza kwenye panya, lengo lake lilikuwa mambo ya kansa, akawanyoa manyoya akawamulika, na kansa hakuiona lakini waliomulikwa manyoya yao yakaota haraka kuliko wenzao. Baadaye watafiti, hasa Tiina Karu kule Urusi, wakaja na maelezo ambayo mpaka leo ndo yanashikiliwa na wengi: ndani ya seli kuna mitokondria, ndo jiko la seli, na kwenye lile jiko kuna protini inaitwa saitokromu C oksidesi inayotumia oksijeni kutengeneza nishati. Hii protini inanyonya mwanga mwekundu na wa infraredi ya karibu, na inaaminika mwanga unaibandua gesi ya naitriki oksaidi iliyoiganda, jiko linawaka vizuri tena na mishipa midogo ya damu inatanuka. Sasa ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia, na uzeeni hayo majiko yanachoka, ndo maana wazo la kumulika ubongo wa mzee asiye na ugonjwa wowote si la kipuuzi hata kidogo.

Na majaribio yapo. Kule Texas, timu ya Francisco Gonzalez-Lima ilitoa matokeo 2013, vijana wazima wakamulikwa leza ya 1064 kwenye paji la uso upande wa kulia, wakawa wepesi kidogo kwenye vipimo vya umakini na kumbukumbu kuliko waliowekewa taa ya danganya toto. Hong Kong 2019 wakachukua wazee 30 wasio na shida ya ubongo, baadhi wakawamulika mara moja tu, halafu wakawapa mtihani wa mishale (bonyeza upande mshale wa katikati unakoelekea, usibabaishwe na ya pembeni) na wa kutaja vitu vya aina moja haraka haraka, waliomulikwa wakaboresha na wengine hapana. Durham, Uingereza, wakatumia kofia kabisa, ya 1068, dakika 6 mara mbili kwa siku kwa wiki 4, watu wazima wa miaka 45 kwenda juu, 14 kofia ya kweli na 13 ya uongo. Kumbukumbu na kasi vikapanda. Lakini ni watu 27, na mmoja wa watafiti ndiye aliyebuni kofia yenyewe, na kofia ilitangazwa kwa pauni 7,250. Sisemi wamedanganya, nasema tu mimi nikisoma utafiti mdogo hivyo natulia kwanza.

Natulia kwa sababu ya kiharusi. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa wagonjwa 120 wa kiharusi waliomulikwa leza ya 808 kichwani ndani ya saa 24, matokeo mazuri, watu wakafurahi. Ukafuata wa watu 660, ile faida haikuthibitika. Wa tatu ukasimamishwa katikati maana waliomulikwa na wasiomulikwa hawakuwa na tofauti. Kiharusi si uzee wa kawaida, najua, ila mwanga ulikuwa jamii ile ile na fuvu ni lile lile.

Na fuvu ndo penyewe hasa. Ngozi, mfupa na maji yanayouzunguka ubongo vinakula karibu mwanga wote, unaofika kwenye gamba la ubongo ni kama asilimia 2 hivi, vipimo vingine vimepata pungufu ya hapo. Texas walitumia nguvu ya mwanga ya miliwati 250 kwa kila sentimita mraba, piga asilimia 2 unabaki na 5. Kofia yenye miliwati 20 inakuachia 0.4. Halafu ukisema basi niongeze sana, napo kuna mtego, seli ikipata kidogo inachangamka ikipata nyingi inarudi nyuma, dawa kuzidi inakuwa sumu.

Sasa nywele. Nywele nyeusi, nzito, za kipilipili zinakula mwanga ile mbaya, ndo maana wengi wanamulika paji la uso ambapo hakuna kitu. Na melanini ya ngozi nayo inanyonya, zaidi kwenye nyekundu, inapungua kadiri unavyosogea kwenye 1064. Hili si la kudhani: 2020 watafiti wa Michigan walionyesha oksimita zinapitwa na upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 kuliko weupe. Kama kidole tu kinasumbua, mimi siwezi kuchukua dozi iliyopangwa kwa kichwa cha Mzungu mwenye kipara nikamvika mama wa Mwanza nikasema ni sawa.

Rafiki yangu mmoja aliwahi kuniletea kofia ya bei nafuu aliyoagiza, nikaiweka kwenye mita ya mwanga. Boksi linasema 810, nusu ya vitaa vilikuwa vyekundu vya kawaida na vingine havifiki hata nusu ya nguvu iliyoandikwa. Joto ilikuwa nalo, hilo nakiri. Kwa hiyo muuzaji muulize nanomita ngapi, miliwati ngapi kwa sentimita mraba, akikujibu "ni teknolojia ya NASA" funga ukurasa. Na leza usiisogeze machoni kabisa, huioni kwa hiyo hata kope halifungi.

Jamaa nikamwambia ile hela ampeleke mama apime presha, sukari, masikio na macho, hayo yapo kwenye orodha ya mambo 14 ambayo tume ya jarida la Lancet 2024 iliyataja kwamba ukiyashughulikia unapunguza hatari ya ugonjwa wa kusahau. Akataka bado kujaribu kofia, nikamwambia poa, ila ikae karibu na ngozi, yaani mama anyoe.

Jana kanijibu. Mama kasema nywele zake hanyoi, kasukia juzi tu. Kofia haijaagizwa.