Mzigo halali, kamba iliyolegea

Kamba ya chuma ya kreni inaweza kukatika ikiwa imebeba mzigo ulio ndani kabisa ya uwezo wake. Kinachoikata ni mshtuko wa ghafla. Jambo hili hatuchoki kuwarudia mafundi na madereva, maana kwa macho halionekani: mzigo ni uleule, kamba ni ileile.

Chukua mzigo wa tani 1 ambao ukining'inia kwa utulivu huirefusha kamba milimita 5. Uachie mara moja kwenye kamba hiyo ikiwa imenyooka tu, bila kuanguka hata kidogo: kwa nukta moja kamba itavutwa kwa tani 2. Sasa kamba iwe imelegea, mzigo uporomoke sentimita 10 kabla haijakaza. Ukikokotoa nishati ya anguko hilo, mvuto unapita tani 7! Kamba za kufungia mizigo huandikiwa, kwa kawaida, moja ya tano ya uzito unaozikata. Ya tani 1 itakatika kwenye tani 5 hivi, kwa hiyo akiba yote ya usalama imeshaliwa.

Kamba ya nailoni inayorefuka sentimita 15 kwa mzigo huohuo ingevutwa kwa tani 2 na nusu tu katika anguko lilelile, kwa kuwa inavutika na kulipokea pigo polepole. Lakini isikudanganye. Dereva anayenasua gari matopeni, akarudi nyuma ili apate kasi kisha akaivuta kamba kwa kishindo, anajaza nishati nyingi ndani yake. Ndoano ikikwanyuka, hurushwa kuelekea walikosimama watu. Waondoe kwanza, hasa watoto, kisha kaza kamba taratibu ndipo uvute.

Mwaka 1872 Mwingereza John Hopkinson alichapisha majaribio ya kuangusha uzito kwenye kizuizi kilichofungwa chini ya waya uliotundikwa. Pigo lilikuwa chini, lakini waya uliweza kukatikia juu, ulikoshikizwa. Mkazo husafiri ndani ya chuma kama wimbi, takriban kilomita 5 kwa sekunde; likifika penye mfungo hurudi, na linalokuja hujumlika na linalorudi. Basi unapokagua kamba iliyopata mshtuko, usiishie pale ndoano ilipo. Panda hadi kwenye mfungo wa juu, ipanguse grisi, utafute nyuzi zilizokatika.