Metadata ya kitabu ni nini, na kwa nini usiguse folda ya Calibre kwa mkono

Juzi binamu yangu wa Langoni kanipigia, vitabu vyake kwenye Calibre, ile programu ya kutunzia vitabu vya kompyuta, majina anayaona lakini akibofya havifunguki, kumbe aliingia kwenye folda akabadilisha majina ya mafaili moja moja ili yapendeze.

Metadata ni zile habari za kitabu, sio kitabu chenyewe: jina, mtunzi, lugha, mchapishaji, mwaka. Sasa Calibre, ambayo Kovid Goyal aliianza 2006, ukiitilia kitabu inachukua kopi inaipeleka kwenye maktaba yake, folda ya mtunzi, ndani yake folda ya kitabu yenye namba kwenye mabano, na humo ndio utakuta faili la kitabu lenyewe, EPUB au PDF, picha ya jalada na kifaili cha habari zake kinaitwa metadata.opf. Halafu juu kabisa kuna metadata.db, hilo ndilo daftari kuu. Programu inafuata daftari. Daftari likisema kitabu kiko kidaka hiki na wewe umekihamishia kidaka kile, haikipati, basi. Ukitaka jina libadilike libadilishe ndani ya Calibre, folda zitafuata zenyewe.

Mtunzi ndiye anayesumbua zaidi kwetu. Mara Ahmed mara Ahmad, bin mara ipo mara haipo, Sharifu huku ipo kule imeachwa, na kwa Calibre kila tahajia ni mtu mwengine mwenye folda yake. Chagua moja uishike. Kitabu chenye jina la Kiarabu usishtuke, folda huandikwa kwa herufi za Kilatini lakini jina lenyewe liko salama kwenye daftari.

Na hili wengi hawalijui: ukirekebisha jina linabadilika kwenye daftari na baadaye kwenye ile opf, ndani ya EPUB bado ni lile la zamani! Ukiinyakua kutoka folda ukaitia kwenye flashi, mwenzio ataona makosa yale yale, kwa hivyo itoe kupitia Calibre au iambie kwanza ipachike metadata kwenye faili.

Kwa bakapu, yaani nakala ya akiba, kopi folda nzima, sio vitabu tu, maana daftari likiharibika zile opf ndizo Calibre inazotumia kulijenga upya. Binamu hakuwa na bakapu, tumekaa mpaka magharibi tukirudisha majina.