Parsele ni yako, lakini si kwa kila kazi

Huku Lubumbashi, toka Katuba mpaka Ruashi, utasikia: "Niko na sertifika ya kiwanja, parsele ni yangu. Nikiuza vitu ndani ya lupango, uani kwangu, nani ataniuliza karatasi?"

Ataulizwa, tena mara mbili.

Kwanza udongo. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali; raia anapewa haki ya kuitumia tu. Nayo mikataba ya haki hiyo huandika matumizi: makazi, biashara, kilimo. Soma yako, wengi wameifunga ndani ya sanduku bila kuisoma. Mama anayeuza kinywaji cha munkoyo na makala ya kupikia mlangoni bado anakaa nyumbani mwake. Ila ukiondoa vitanda, ukaweka mashini ya kusaga au kuchomelea vyuma usiku kucha, hiyo si nyumba tena, na jirani ana haki ya kulalamika.

Pili ni biashara yenyewe. Patanti, kibali cha biashara ndogo chini ya sheria ya 1979, inamwangalia anayeuza, si ukuta anaouzia. Kuhama soko la Kenya, la hapa Lubumbashi, na kuuzia sebuleni hakukuondolei wajibu huo.

Kosa la upande wa pili pia lipo: kudhani kila muuzaji lazima aandikishwe RCCM, rejista ya biashara, kama kampuni. OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, ambao Kongo iliingia 2012, inamruhusu mtu mdogo kutangaza kazi yake tu, bila kujiandikisha huko, na tangazo hilo halilipiwi. Afisa akikudai pesa ya hilo, mwombe kwanza risiti.