Kurushwa darasa ni nini, na mzazi aombe vipi?

Kurushwa darasa ni kumpeleka mwanafunzi darasa la juu kuliko la wenzake kwa sababu wanachofundishwa ameshakijua. Wa darasa la pili, kwa mfano, anaingia la nne bila kupita la tatu. Hiyo ndiyo sura inayofahamika, ila si ya pekee. Mtoto anaweza kubaki darasani kwake, kipindi cha hisabati tu akaenda kukaa na wakubwa. Mwanahisabati Terence Tao, aliyepata nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati duniani, mwaka 2006, alisoma hivyo utotoni huko Adelaide, Australia: kila somo na darasa lake, kwa kadiri alivyofika.

Walimu huhofu kwamba mtoto ni mdogo, ataonewa, atakosa marafiki. Hofu hiyo isikilizwe. Lakini ripoti ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ya mwaka 2004 ilipitia tafiti za miongo mingi ikaona kuwa wanaorushwa kwa uangalifu kwa kawaida hufanya vizuri masomoni, na wala hawaharibikiwi kijamii. Mwongozo uliotoka chuoni hapo unakataza kumrusha mtoto asiyetaka mwenyewe, au atakayeangukia darasa la kaka au dada yake. Hilo la pili ni busara kubwa. Kaka anayepitwa mtihani na mdogo wake wa dawati la jirani ataubeba unyonge huo hadi nyumbani.

Ukienda kuomba, usiende na maneno ya "mwanangu ana akili". Kila mzazi husema hivyo. Nenda na daftari. Onyesha pale alipopata hesabu zote, kisha akajaza pembezoni michoro ya magari akisubiri wenzake wamalize. Onyesha na mtihani wa darasa la mbele alioufanya bila kufundishwa. Anza kwa mwalimu wa darasa. Ukipitiliza moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, umejipunguzia mtetezi. Omba mtoto apimwe masomo yote, maana yupo anayepaa kwenye hisabati huku kusoma kukimlemea. Halafu omba muhula mmoja wa majaribio, mkubaliane kabisa kwamba akirudi hatahesabiwa amefeli.

Kwa Tanzania, darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, kwa hiyo suala la usajili liulizwe mapema, kabla mtoto hajahamishwa. Na mtu akikwambia usubiri shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe au Kilakala, mkumbushe kwamba huko wanaingia waliomaliza elimu ya msingi. Mtoto wa miaka minane anayechoshwa na masomo anahitaji msaada mwaka huu huu.

Shule ikikataa kumrusha darasa zima, usiondoke mikono mitupu. Omba somo moja. Kinachohitajika hapo ni ratiba tu: kipindi cha hisabati cha madarasa yote mawili kiwekwe wakati mmoja, mtoto achukue daftari lake aingie chumba cha pili, kengele ikilia arudi kwa wenzake.